Nyumba ya Chokocho: kungoja kabla ya pesa, kukimbia baada yake

Saa nne ya asubuhi maji yalikuwa yamekupwa. Pwani ya Chokocho, kusini mwa Pemba, maji yakishakupwa huna la kufanya ila kukaa. Vyombo vya Kisiwa Panza vimelalia ubavu kwenye matope, manahodha wametafuta kivuli, na abiria wenye vikapu wanautazama mkondo kama wanaoweza kuuvuta kwa macho. Siku ile tulikuwa watu watano, tunamngoja mtu mmoja: mama wa makamo aliyeolewa ng'ambo ile, mwenye thumuni ya nyumba ambayo binamu yangu alitaka kuinunua.

Binamu yangu anafanya kazi Muscat. Ile ilikuwa Alkhamisi, na likizo yake inaisha Jumatatu. Pesa anazo. Nyumba ameiona mara mbili na ameipenda: vyumba vitatu vya matofali, bati ambalo halijashika kutu, kisima uani, kibaraza kinachopata upepo wa bahari. Muuzaji, mtoto mkubwa wa marehemu mwenye nyumba, alikuwa na haraka kumshinda yeye, kwa sababu mama yake alitakiwa kupelekwa Dar es Salaam kwa matibabu. "Kaka, tumalize leo," nilimsikia akisema mara tatu. "Dada zangu nawajua. Hawana neno."

Mimi ndiye niliyesema tungoje maji yajae. Kwa neno hilo nikalaumiwa na pande zote mbili mpaka alasiri.

Nina sababu yangu. Marehemu baba yangu alinunua nyumba kwa siku moja. Ilikuwa hapa hapa Pemba, mimi nikiwa bado skuli. Aliyeiuza alikuwa na karatasi mkononi, na karatasi ilikuwa ya kweli, ila jina lililoandikwa lilikuwa la baba wa muuzaji, aliyekwisha kufa. Baba hakuliona hilo kuwa tatizo. Mtu ni mtoto wa mwenye nyumba, anaishi humo, majirani wanamjua. Miaka kumi na moja baadaye dada wawili wa yule muuzaji walifika kutoka Mombasa. Hawakuja kwa ugomvi. Walibisha hodi, wakapewa maji, wakaeleza kuwa urithi wa baba yao umeliwa na kaka yao, naye hakuwa na hata shilingi ya kuwarudishia. Tuliinunua nyumba moja mara mbili. Malipo ya pili yalitoka kwenye pesa zilizowekwa kwa ajili ya safari ya hija ya mama yangu, na mama alikufa bila ya kuiona Makka.

Kwa hiyo nikiona mtu anataka kumaliza leo, mwili wangu unasisimka. Lakini haki yake haraka nayo niitaje, maana wanaoisema vibaya mara nyingi hawana mgonjwa ndani.

Karibu kila nyumba ya kijijini niliyopata kusikia inauzwa upesi ina shida nyuma yake: maradhi, kesi, deni, mtoto aliyepata nafasi ya masomo. Mtu wa Pemba hauzi nyumba kwa kuichoka. Anauza kwa sababu amefika ukutani, na kila siku inayopita inamzidishia uzito. Mnunuzi naye ana haraka zake. Kisiwa hiki kina majira ya pesa. Karafuu zikizaa vizuri, na bei ikiwa nzuri kama ilivyopandishwa mwaka 2011, mtu aliyeanika na kuuza anataka pesa ile igeuke ukuta na bati kabla haijamegwa na harusi, madeni ya duka na jamaa. Wenzetu walioko Oman, Dubai na Uingereza wanakuja na wiki tatu au nne mfukoni. Ndani ya siku hizo wanatakiwa wazuru makaburi, wahudhurie maulidi, waamue ugomvi wa ndugu, na wanunue nyumba.

Hapo anaingia dalali na maneno yake: yupo mwengine kutoka Wete anaitaka, kesho anakuja na pesa zote. Pengine ni kweli. Lakini Chokocho nyumba haiuzwi kama samaki dikoni. Kule dikoni mnada unakwenda mbio kwa kuwa samaki anaoza, na anayesitasita anarudi na kikapu kitupu. Nyumba ile ilikuwa imesimama pale tangu binamu yangu hajaanza kunyoa ndevu. Ingesimama mpaka maji yajae.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Marehemu mwenye nyumba aliacha mke, watoto wawili wanaume na watatu wanawake. Wazazi wake walishatangulia. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu mke ana thumuni, kwa kuwa marehemu ana watoto. Thumuni saba zilizobaki wanagawana watoto, mwanamme sehemu mbili na mwanamke moja. Hesabu ikatoka sawasawa: kila mwanamme thumuni mbili, kila mwanamke thumuni moja. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba ni shilingi milioni 16. Mama ana milioni 2. Kila binti ana milioni 2. Kila mtoto mwanamme ana milioni 4.

Yule bwana aliyekuwa akitwambia tumalize leo alikuwa na robo ya nyumba. Robo tatu ilikuwa ya watu wengine, na yeye akiiuza yote kwa kinywa chake anauza kisicho chake, hata kama nia yake ni safi kama maji ya zamzam. Nami naamini nia yake ilikuwa safi.

Na mambo hayaishii hapo, kwa sababu nyumba hii haikugawanywa tangu mzee alipofariki, kama zilivyo nyumba nyingi huku. Binti mmoja alikufa baada ya baba yake. Thumuni yake haikurudi kwa ndugu zake. Imekwenda kwa warithi wake mwenyewe: mumewe ana robo ya thumuni ile, mama yake mzazi ana sudusi, yaani moja ya sita, na kilichobaki ni cha watoto wake. Mume yuko Tanga na ameshaoa tena. Katika nyumba ya milioni 16 yeye ana laki tano, na pengine hajui kama anazo. Mtoto wa kiume mdogo wa mzee yuko Mtwapa, Kenya. Binti mwengine yuko Wete. Wa tatu ndiye yule wa Kisiwa Panza tuliyekuwa tunamngoja. Kila mwaka ambao familia inaacha kugawa, kifo kinagawa kwa niaba yao, na kinagawa vipande vidogo zaidi.

Ndiyo maana naona swali la kwanza la mnunuzi wa nyumba ya Pemba halihusu bei wala bati. Aulize: mwenyewe alikufa lini, na aliacha nani? Swali hilo halimalizi wiki. Ukikaa barazani na wazee wawili wasio wa ukoo ule, katika kahawa mbili unapata nasaba yote, pamoja na yule mtoto wa nje ya kijiji ambaye wenyewe wanajitia kumsahau. Watoto wa marehemu binti, wakikutwa ni wadogo, basi hapana njia ya mkato. Fungu lao lina walii, lina kadhi, na Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ambayo kazi yake mojawapo ni mirathi. Kwa bahati wale wa Tanga walikuwa watu wazima. Siku ya Jumanne walikuwa wamekwenda kwa kadhi wa kwao pamoja na baba yao, wakaandika uwakala, na karatasi ikaja na mtu wa boti. Yule wa Mtwapa naye alitanguliza uwakala wa maandishi, kisha akasema kwa simu, uso wake ukionekana, mbele ya sheha na mashahidi. Haya yote yalifanyika ndani ya siku nne. Hadhari si lazima itambae.

Baada ya watu, miti. Mgeni hulikosa hili. Pemba, mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Mtu anaweza kuazimwa kiwanja akajenga au akalima muhogo, lakini akipanda mkarafuu au mnazi ameshasema neno jengine, kwa kuwa mti wa kudumu ni dai la kudumu. Ndiyo maana mwenye kuazima shamba hukatazwa kupanda. Kwa hiyo unapoonyeshwa uwanja, usiulize mipaka tu. Nenda kwenye kila mti uulize: nani kaupanda? Uliza pia njia ya kisimani wanaipita akina nani, na nyuma ya nyumba pana makaburi ya nani, kwa sababu siku ya Idi watakuja kuyazuru, nawe huwezi kuwafungia njia. Na uliza kama mahali pale pamewahi kuwekwa wakfu, maana wakfu hauuzwi hata warithi wote wakikubaliana.

Kwenye nyumba za pwani naongeza moja: ingia ndani ya nyumba masika, au siku ya bamvua, uone maji yanafika wapi. Mabonde ya mpunga ya kisiwa hiki yameanza kuingiwa na maji ya chumvi, na wakulima wa upande huu wanaweza kukuonyesha kwa kidole mahali walipovuna wazee wao na leo pamebaki magugu ya pwani. Kama likizo yako ni ya kiangazi, waulize majirani.

Wazee wetu hawakuliacha jambo la haraka na subira kwenye hewa. Walilitungia hukumu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii vita wala mbingu. Inazungumzia kuandikiana madeni na kushuhudiza mauziano. Katika madhehebu ya Kishafii, ambayo ndiyo ya Wapemba walio wengi, muuzaji na mnunuzi wana khiyari maadamu hawajaondoka majilisini: yeyote anaweza kusema nimeghairi. Wakitaka muda zaidi wanaweza kushurutishiana khiyari isiyozidi siku tatu. Lakini mshirika mwenye haki ya shufaa, yaani anayetaka kulichukua fungu la mwenzake kwa bei ile ile kabla halijakwenda kwa mgeni, huyo kwa kauli iliyo mashuhuri ya Kishafii hana siku tatu. Akishapata habari aseme papo hapo, la sivyo haki imempita. Subira imepewa anayetaka kuingia, na haraka ameamrishwa anayetaka kumzuia.

Nililikumbuka hilo niliposoma habari za British Columbia, jimbo la magharibi mwa Canada. Kule watu walikuwa wakigombania nyumba mpaka wananunua bila ya kumwita fundi aikague. Tangu tarehe 3 Januari 2023 sheria yao inampa mnunuzi siku tatu za kazi za kughairi, na akighairi analipa robo ya asilimia moja ya bei. Ufaransa nao wanampa mnunuzi siku kumi. Siku tatu zile zile za vitabu vya madrasa, zimetungwa upya upande wa pili wa dunia baada ya watu kuumia. Sisi tunazo tangu zamani, na hakuna anayezitumia. Nimehudhuria mauziano mengi na sijapata kumsikia mnunuzi akisema mbele ya mashahidi: nanunua kwa khiyari ya siku tatu. Binamu yangu alilisema, kwa sababu nilimbana. Muuzaji alimtazama sheha, sheha akatikisa kichwa, likaandikwa. Hapakuwa na tusi ndani yake.

Kuhusu arubuni nina ukali kidogo. Desturi imekuwa mtu atoe arubuni siku ya kwanza ili nyumba isiuzwe kwa mwengine, na akighairi inaliwa. Wanazuoni wengi, Mashafii wakiwemo, hawamruhusu muuzaji kuila. Tuiache hukumu ya dini kidogo tutazame mambo yanavyokwenda. Pesa ikishatoka, hata kama ni kidogo, mnunuzi anaanza kuilinda pesa yake badala ya kuichunguza nyumba. Anaacha kuuliza maswali kwa kuogopa majibu. Na muuzaji mwenye mgonjwa ameshaitumia, huna wa kumdai. Kama unamhurumia, na ni vyema umhurumie, mkopeshe nauli ya boti kwa jina la mkopo na uandike hivyo. Binamu yangu alifanya hivyo siku ya Jumatano, na yule mama mgonjwa akapata kusafiri bila ya kungoja thumuni za watu.

Mpaka hapa nimekuwa upande wa subira. Sasa nahama.

Pesa ikishalipwa, subira inageuka hatari, na hapa ndipo ninapowaona watu wengi wenye akili wakilala. Wanalipa, wanapata karatasi iliyoandikwa mbele ya sheha, wanapiga picha, wanapanda ndege. Sheha ni shahidi mzuri: anawajua watu wake na atasema kweli. Lakini sheha hahamishi ardhi. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali, na tunachouziana ni nyumba pamoja na haki ya kuitumia ardhi iliyo chini yake. Sheria zilizojenga utaratibu wa leo zilifuatana haraka: ya utambuzi wa ardhi mwaka 1989, ya usajili 1990, ya umiliki 1992, na mwaka 1994 ile ya uhaulishaji pamoja na ile ya Mahakama ya Ardhi. Mauziano ya kudumu yanatakiwa yapite Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, ambayo inatazama hata kama muuzaji atabaki na pa kukaa. Baada ya hapo ndipo usajili. Mtu wa Chokocho afunge safari ya Chake Chake, ajaze fomu, alipe ada, arudi tena. Inachosha. Lakini karatasi iliyokaa sandukuni bila ya kufika huko ni ahadi tu.

Namjua mtu wa wilaya hii ya Mkoani aliyenunua kwa uangalifu mkubwa. Aliwapata warithi wote, aliuliza miti yote, alilipa mbele ya mashahidi wanne. Kisha akarudi Dubai, akasema ya Bodi atayafanya likizo ijayo. Kabla ya likizo hiyo muuzaji mmoja akafa na kuacha mke kijana na mtoto wa miezi minane. Kila kitu kikaanza upya, safari hii na mwenye fungu asiyejua hata kukaa. Alichokiokoa kwa miezi miwili ya kuuliza alikipoteza kwa uvivu wa wiki mbili, na ikamchukua miaka minne kukirudisha. Waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo nadhani walimkusudia mtu kama huyu.

Na liko jengine kwa walio nje, nitalisema wazi kwa kuwa wengi wanalificha. Haki ya kumiliki ardhi Zanzibar ni ya Mzanzibari, na Mzanzibari kwa sheria ya 1985 sharti awe raia wa Tanzania. Ndugu zetu waliochukua pasi za nchi nyengine wananunua kwa jina la kaka au mpwa, kwa kuaminiana. Kuaminiana kule mimi nakuheshimu. Lakini kaka akifa, nyumba iliyoandikwa jina lake inakwenda kwa mkewe na wanawe, thumuni kwa thumuni, na wao hawakuwamo katika ahadi yenu. Binamu yangu bado ana pasi ya Tanzania, akaandika jina lake mwenyewe. Uwakala wa kufuatilia Bodi akanipa mimi, na nikamwahidi kuwa Ijumaa asubuhi kabla ya Sala nitakuwa Chake Chake na faili.

Maji yalianza kurudi baada ya adhuhuri. Kwanza kwenye mikoko, kama jasho, kisha vyombo vikainuka kimoja kimoja. Dau la Kisiwa Panza lilitia nanga karibu na saa tisa. Yule mama akashuka amefunga kanga kichwani, viatu mkononi, mjukuu ubavuni. Kaka yake akaenda mbio kumpokea. Alitusalimia mmoja mmoja, akauliza hali ya mama yake, akaomba maji ya kunywa, kisha akaomba aione nyumba kabla ya kutia sahihi. Hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa tumechelewa.

Alipita vyumba vyote vitatu bila ya kusema neno. Uani alisimama kwenye kisima.

"Nyumba nimeridhia," alisema. "Haya, na mnazi huu? Kitovu changu kimezikwa hapa."

Kaka yake akafungua mdomo. Binamu yangu akamtangulia: "Bi mkubwa, mnazi wako. Nazi zake nitakuletea kila maji yakijaa, na mimi nisipokuwepo atakuletea huyu," akanionyesha mimi.

Sheha alikuwa ameketi kwenye kigoda, karatasi juu ya goti. Akaifungua kalamu, akaandika mstari, kisha akanyanyua uso.

"Mnazi mmoja, au na ule wa ukutani?"

Tukasogea sote kwenda kuutazama.